Kura ya sarafu: nani hasa anaongoza miradi ya blokcheni?

Msimu wa mauzo ukifika na fedha zikaanza kuingia kwenye simu, huingia pia ujumbe wa watu wanaouza kitu kipya. Miaka ya karibuni kitu hicho mara nyingi ni tokeni za mradi wa blokcheni, na maneno ya kuuzia yanafanana: mradi hauna bosi, hauna makao makuu, unaongozwa na wanachama wenyewe, na ukinunua tokeni unakuwa mmiliki mwenye kura. Baadhi ya wasikilizaji wetu wametuuliza kama maneno hayo ni ya kweli.

Katika makala haya tunalichukua neno moja tu katika ahadi hizo, neno "kura", na kulichambua. Bei ya sarafu hizi tunaiacha kando. Tunachotaka kujua ni hiki: anayesema mradi unaongozwa na wanachama ana maana gani, na mkulima aliyeweka shilingi zake mle ana nguvu kiasi gani siku mambo yakiharibika?

Tuanze na daftari

Wengi wetu tunaijua VICOBA au kikundi cha kuweka na kukopa. Kuna daftari la hesabu, kuna sanduku, na sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, ili asiwepo mmoja wa kufungua peke yake usiku.

Blokcheni nayo ni daftari la hesabu. Tofauti ni kwamba nakala zake zimehifadhiwa kwenye kompyuta nyingi duniani, zote zikiwa na kurasa zile zile. Mtu akitaka kufuta alichoandika jana, nakala nyingine zitamkataa. Tokeni ni hesabu iliyoandikwa kwenye daftari hilo: fulani ana 10, fulani ana 500.

Hapo ndipo wauzaji huishia. Lakini daftari lina kanuni zake, na kanuni hizo huandikwa na watu kwa njia ya programu ya kompyuta. Programu hukutwa na kasoro, hivyo lazima mtu airekebishe. Mradi unakuwa na hazina, hivyo lazima mtu aamue fedha ziende wapi. Ugomvi hutokea, hivyo lazima mtu aamue nani ana haki. Yote hayo yanaitwa utawala. Na miradi mingi inadai kwamba utawala wake umegatuliwa, maana yake madaraka yametolewa mikononi mwa waanzilishi na kupelekwa kwa wanachama. Sisi tunaosikia habari za ugatuaji wa madaraka kila bajeti ya halmashauri inapojadiliwa tunajua kwamba kutamka ni rahisi. Kazi ipo kwenye kugawa madaraka yenyewe.

Kura ya mtu na kura ya sarafu

Kwenye chama cha ushirika, iwe AMCOS au SACCOS, kanuni ni moja: mwanachama mmoja, kura moja. Mwenye ekari 50 za korosho na mwenye ekari 2 wakinyoosha mikono, mikono yao inahesabiwa sawa.

Miradi mingi ya blokcheni haifuati kanuni hiyo. Inafuata ile ya kampuni ya hisa: tokeni moja, kura moja. Tuchukue mfano wa kubuni. Mradi una tokeni milioni 100. Waanzilishi wamejiwekea milioni 40 na wawekezaji wa mwanzo wamepewa milioni 20. Kijiji kizima chenye watu 500 kinaamua kununua, kila mtu tokeni 100. Jumla ya kijiji ni tokeni 50,000. Kijiji hicho, kikipiga kura kwa umoja bila hata mmoja kukosa, kina asilimia 0.05 ya kura. Waanzilishi na wawekezaji wa mwanzo wana asilimia 60 wakiwa wamekaa mezani.

Kwa nini basi wasitumie kura moja kwa mtu mmoja? Sababu ipo, na ni ya msingi. Kwenye mitandao hii akaunti haina sura wala jina. Mtu mmoja anaweza kufungua akaunti 1,000 kabla ya chakula cha mchana, akajipigia kura 1,000. Kijijini hilo haliwezekani kwa sababu katibu anawafahamu wanachama kwa majina na kwa nyumba. Tokeni zilichaguliwa kuwa kipimo cha kura kwa sababu haziwezi kuzalishwa kwa kufungua akaunti mpya. Dawa hiyo iliondoa ugonjwa mmoja na kuleta mwingine: mwenye fedha nyingi ndiye mwenye sauti kubwa. Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, ni kati ya watu walioandika zaidi ya mara moja kuonya kuhusu udhaifu huo.

Mwaka 2016: kanuni ilipogonga mwamba

Jaribio kubwa la kwanza lilifanyika kwenye mtandao wa Ethereum mwaka 2016. Liliitwa The DAO. Wazo lilikuwa mfuko wa uwekezaji usio na mkurugenzi: watu wachangie sarafu ya ether, wapate tokeni, kisha wapige kura kuamua mfuko ufadhili miradi gani. Programu ndiyo ingekuwa katiba, mhasibu na mlinzi wa sanduku kwa pamoja. Katika wiki chache za Mei ulikusanya ether zenye thamani ya takriban dola milioni 150 za Marekani.

Tarehe 17 Juni 2016 mdukuzi alitumia kasoro ndani ya programu na kuanza kuhamisha fedha. Kasoro ilikuwa hivi: ulipoomba kutoa fedha zako, programu ilikulipa kwanza na kupunguza salio lako baadaye. Mdukuzi aliomba tena na tena kabla salio halijapunguzwa. Ether milioni 3.6 hivi ziliondoka.

Ikawa hoja nzito. Upande mmoja ulisema programu ndiyo sheria, na aliyechukua fedha alifuata kile ambacho programu ilimruhusu. Upande wa pili ulisema wizi ni wizi. Ilipigwa kura ya kupima maoni, kwa uzito wa ether, na walioshiriki walikuwa na sehemu ndogo tu ya ether zote zilizokuwepo. Tarehe 20 Julai 2016 kanuni za mtandao zilibadilishwa ili fedha zirudishwe kwa wenyewe. Waliokataa waliendelea na daftari la zamani, ambalo hadi leo linaitwa Ethereum Classic.

Fundisho la kwanza ni kwamba daftari lisilofutika linaweza kubadilishwa wenye nguvu wa kutosha wakikubaliana. Safari ile waathirika walikuwa wengi na fedha zilikuwa nyingi, wakasikilizwa. Mwenye hasara ya shilingi laki mbili katika mradi mdogo hatafanyiwa hivyo.

Mwaka 2020: kura zilizopigwa kwa fedha za wateja

Mtandao wa Steem ulikuwa na utaratibu wa kuchagua "mashahidi" 20 wakuu, yaani watu wanaoendesha kompyuta zinazoandika daftari. Kampuni iliyouanzisha, Steemit, ilikuwa na rundo kubwa la tokeni, na wanachama walielewa kuwa tokeni zile hazingetumika kupiga kura. Mwezi Februari 2020 kampuni ilinunuliwa na Justin Sun, mwanzilishi wa mtandao wa TRON. Mashahidi waliogopa rundo lile litatumika kuwaondoa, wakabadilisha programu na kulizuia.

Tarehe 2 Machi 2020 mambo yaligeuka. Masoko matatu makubwa ya sarafu za kidijitali, Binance, Huobi na Poloniex, yaliingiza kwenye upigaji kura tokeni za Steem zilizokuwa chini ya uangalizi wao. Zile zilikuwa tokeni za wateja. Mashahidi wote 20 waliondolewa na wengine wakawekwa upande wa mmiliki mpya. Baada ya kelele nyingi Binance na Huobi waliondoa kura zao. Siku chache baadaye, tarehe 20 Machi, kundi kubwa la wanachama lilihama na kuanzisha daftari lao jipya linaloitwa Hive.

Wasikilizaji wetu walizingatie hili, kwa sababu wengi wanaonunua tokeni huziacha kwenye soko walikonunulia. Ukifanya hivyo, daftari linamtambua mwenye soko. Ni sawa na kumwachia mwenye stoo magunia yako, kisha ukasikia amekwenda mkutano mkuu wa ushirika na kupiga kura kwa idadi ya magunia yaliyomo stoo.

Mwaka 2022: wingi wa kura kwa mkopo

Tukio la tatu ni la mradi wa Beanstalk, tarehe 17 Aprili 2022. Mradi huu uliruhusu pendekezo la dharura kupitishwa haraka likipata theluthi mbili ya kura, mradi saa 24 ziwe zimepita tangu liwasilishwe. Mtu mmoja aliwasilisha pendekezo siku moja kabla. Siku ya pili alichukua mkopo wa papo kwa papo wenye thamani ya karibu dola bilioni 1. Mkopo wa namna hiyo hauhitaji dhamana, kwa sababu unachukuliwa na kurudishwa ndani ya muamala mmoja, kwa muda wa sekunde chache. Kwa fedha hizo alipata kura zaidi ya theluthi mbili, akapitisha pendekezo lake, na pendekezo likaamuru hazina ihamishiwe kwake. Alirudisha mkopo na kuondoka na karibu dola milioni 80. Hasara yote ya mradi ilifikia takriban dola milioni 180.

Tazama kilichotokea. Mlango haukuvunjwa. Kura zilihesabiwa sawasawa, kanuni ilifuatwa, na hazina ikaisha. Kasoro ilikuwa kwenye kanuni yenyewe: iliruhusu mtu aliyeshika kura kwa sekunde chache aamue juu ya watu watakaoishi na uamuzi huo miaka mingi. Kwenye ushirika wetu, anayejiandikisha asubuhi hapewi nafasi ya kuuza ghala jioni. Busara hiyo ya kusubiri ndiyo iliyokosekana.

Nairobi 2024: jaribio la kuandika katiba

Baada ya mikasa hiyo, baadhi ya miradi iliamua kuchukua njia ndefu. Mfano mmoja unatugusa kwa sababu sehemu yake ilifanyika kwa majirani zetu. Ni mradi wa Cardano, ulioanza mwaka 2017, wenye sarafu iitwayo ada.

Kwa miaka yake ya mwanzo, mabadiliko makubwa ya Cardano yalifanywa kwa funguo maalumu zilizokuwa mikononi mwa taasisi tatu za waanzilishi: Input Output, Cardano Foundation na Emurgo. Kazi ya kugatua ilikuwa kuzitoa funguo hizo mikononi mwao bila kuangusha daftari. Ilifanywa kwa hatua. Tarehe 1 Septemba 2024 programu ilibadilishwa ili kuruhusu wawakilishi kujiandikisha. Katika mwaka huo huo warsha zilifanyika katika nchi nyingi, watu wakijadili rasimu ya katiba na kuchagua wajumbe. Desemba 2024 wajumbe walikutana katika miji miwili kwa wakati mmoja, Buenos Aires nchini Argentina na Nairobi nchini Kenya, wakaijadili rasimu na kuipigia kura. Tarehe 29 Januari 2025 mabadiliko mengine ya programu yaliwapa wawakilishi nguvu kamili ya kupiga kura, na Februari katiba iliidhinishwa kwa kura kwenye daftari lenyewe.

Madaraka yamegawanywa sehemu tatu. Kuna wawakilishi, ambao mwenye ada anaweza kumchagua mmoja wao ampigie kura, au akajiandikisha mwenyewe. Kuna waendeshaji wa vituo vya kompyuta vinavyoandika daftari. Na kuna Kamati ya Katiba, ambayo kazi yake ni kusema kama pendekezo linakubaliana na katiba au halikubaliani. Fedha za hazina, ambazo ni zaidi ya ada bilioni 1, hazitoki bila wawakilishi kuridhia na kamati kukubali. Kamati nayo inaweza kuondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani. Zile ni kufuli tatu za sanduku la VICOBA, kwa sura nyingine.

Kuna jambo jingine la kuvutia. Tatizo la kura hizi kila mahali ni watu kutoshiriki. Cardano imeweka kanuni kwamba anayepata zawadi kwa kuweka ada zake kwenye vituo hawezi kuzitoa zawadi hizo mpaka achague mwakilishi, au atamke wazi kwamba hataki kupiga kura. Wapo wanaosema hiyo ni njia nzuri ya kuwaamsha waliolala. Wapo wanaosema mtu anayechagua jina la kwanza analoliona ili apate fedha zake hajashiriki lolote.

Je, hilo limemaliza tatizo? Hapana. Uzito wa kura bado ni ada. Mwenye ada milioni anasikika mara 1,000 zaidi ya mwenye ada 1,000, hata kama wote wawili walikaa ukumbi mmoja Nairobi. Ila kufuli zimeongezeka, muda wa kusubiri upo, na kila kura inaonekana kwa anayetaka kuitazama. Kwa kipimo cha haki hiyo ni hatua, na safari bado ipo.

Kwale: pale watu wanapofahamiana

Kuna mfano mwingine karibu zaidi. Shirika la Grassroots Economics la Kenya limefanya kazi kwa miaka mingi na vikundi vya pwani, vikiwemo vya Kinango katika kaunti ya Kwale, kwa kutumia sarafu ya kijamii inayoitwa Sarafu. Iliandikwa kwenye blokcheni, lakini mwanakijiji aliitumia kwa simu ya kawaida, kwa kubonyeza nyota na namba kama tunavyoangalia salio. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 watumiaji walifika makumi ya maelfu. Baadaye mpango ulihama kutoka kwenye sarafu moja ya wote kwenda kwenye vocha ambazo kila kikundi kinatoa chenyewe.

Mabadiliko hayo ni ya utawala. Kikundi kinachotoa vocha kinaahidi bidhaa au kazi ya wanachama wake, na wanachama ndio wanaokubaliana kiasi. Watu wa huko hawakuhitaji kufundishwa wazo hilo. Wamijikenda wana desturi ya mweria, ambapo watu hulima kwa zamu leo shamba la huyu, kesho la yule. Daftari la kompyuta linakumbuka nani anadaiwa siku ngapi za jembe. Anayedai na anayedaiwa wanakutana kisimani. Pale ambapo watu wanajuana, lile tatizo la akaunti 1,000 za mtu mmoja linapungua sana.

Sheria inasemaje kwetu?

Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu za mtandao hazitambuliki kama fedha halali nchini na kuwatahadharisha wananchi. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Wenzetu wa Kenya walipata sheria ya kuwasajili na kuwasimamia watoa huduma za mali hizo mwaka 2025.

Msikilizaji asichanganye kodi na ulinzi. Kutozwa kodi hakumaanishi kwamba kuna ofisi itakayokurudishia fedha zako. AMCOS ikifuja fedha, kuna Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kuna mkaguzi, kuna mkutano mkuu ambapo mwenyekiti anasimama mbele yenu. Mradi usio na bosi hauna wa kusimama mbele yenu.

Maswali ya kumuuliza anayekuuzia

Kabla ya kutoa shilingi moja, uliza yafuatayo na usubiri majibu yaliyo wazi.

Tokeni zote ni ngapi, na waanzilishi na wawekezaji wa mwanzo wameshika ngapi? Kama hawataki kusema, au wakisema zaidi ya nusu, kura yako ni pambo.

Nani anashika funguo za kubadilisha programu na kufungua hazina? Ni mtu mmoja, watatu, au kura ya wanachama kweli?

Pendekezo likipita, linasubiri siku ngapi kabla ya kutekelezwa? Muda huo ndio nafasi ya wanachama kushtuka.

Kura za mwisho zilizopigwa zilishirikisha asilimia ngapi ya tokeni? Mradi wenye utawala wa kweli una kumbukumbu za kura, na ziko wazi kwa kila mtu.

Tokeni zangu zitakaa wapi? Zikikaa kwenye soko la mtu mwingine, kumbuka yaliyotokea Machi 2020.

Nikidhulumiwa, nitamshtaki nani, kwa sheria gani, katika nchi gani?

Muuzaji anayejua mradi wake atajibu maswali haya kwa dakika kumi. Anayeanza kukasirika, au kukuambia nafasi zinaisha leo usiku, amekwisha kujibu.

Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno. Walisema pia penye wengi pana mengi. Miradi ya blokcheni imetuonyesha misemo yote miwili ni kweli. Wengi wenye kura za kweli, funguo zilizogawanywa na muda wa kutafakari wanaweza kulinda hazina kubwa. Wengi waliopewa kura za jina tu ni umati unaomzunguka mwenye sanduku.

Kama kijijini kwako kuna mtu anayekusanya fedha kwa ajili ya mradi wa namna hii, tutumie ujumbe kupitia namba yetu ya kipindi ukitaja jina la mradi na ahadi anazotoa. Tutayafuatilia maswali hayo sita kwa niaba yenu na kuwaletea majibu hewani. Hadi hapo, sanduku la kikundi chenu liendelee kuwa na kufuli tatu.